Maji ya Karai na Mwasumini wa Mama Yako

Salma mwanangu,

Ya nguo nzito, ya kutokula vya barabarani, ya kufunga sanduku kwa kufuli na ya kutomwamini mtu anayekupenda upesi, Bi Kazija keshakwambia yote leo mchana. Nilikuwa ukumbini nikisikia. Mimi nimeachiwa yale ambayo yeye hakuyagusa, na nadhani hakuyagusa kwa sababu yananihusu mimi na yeye, naye ana adabu kuliko mimi.

Boti inaondoka kesho asubuhi. Sasa tumeshasali Magharibi, na wewe uko upande wa pili wa ua wa makuti, unafungiwa vileja, biskuti zako za safari. Nakusikia unacheka. Ningekuita, ungeitika "Naam, Baba," ukaja ukakaa mbele yangu na mikono magotini, kama unavyokaa mbele ya mgeni wa heshima. Nimeona bora niandike.

Jambo lenyewe ni hili, na nalitanguliza kama ninavyotanguliza habari yoyote: tangu ukiwa mdogo nimemwonea wivu Bi Kazija. Si ule wivu ambao watu wa mtaa wangeufikiria. Wao walishatuoza zamani bila kutushauri, nasi tukacheka, maana ana umri wa mama yangu mzazi. Nilimwonea wivu kwa ajili yako, na mpaka jioni hii ninapoandika haujanitoka wote.

Mama yako alipofariki ulikuwa hujaanza skuli. Bi Kazija alikuwa ndiyo kwanza amehamia nyumba ya pili, ametoka Jambiani, mjane asiye na mtu hapa Ng'ambo. Alianza kwa kutuletea sahani ya chakula. Kisha akawa anakusuka nywele. Mwaka wa Mapinduzi, nilipokuwa siku nyingine sirudi nyumbani kwa sababu ya kazi ya gazeti, ulilala kwake. Asubuhi moja nilirudi nikakukuta umelala, umeshika ncha ya kanga yake ndani ya ngumi. Nilisimama mlangoni na viatu vyangu mkononi. Nilitakiwa kushukuru. Nilishukuru, lakini shukurani ilikuja nyuma ya kitu kingine, na hicho kitu kingine ndicho kilichokaa.

Unakikumbuka kile kiangazi cha karai. Mvua za vuli hazikuja sawasawa, na kaskazi ilipoingia mfereji wa mtaa ukawa unatoa maji alfajiri tu. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kuvaa buibui. Nilirudi kazini nikakuta umesimama mlango wa uani, umeshika lile karai la kufulia.

"Baba, tawadha juu ya hili."

"Kwa nini?"

"Maji yasipotee."

"Na ya kuoga nayo unayataka?"

"Ya kuoga yana sabuni. Hayo yanakwenda yenyewe kwenye mgomba."

Uliyasema kama mtu aliyekwishafanya mkutano na akapitisha maazimio. Ulikuwa umeshayagawa maji ya nyumba yangu bila mimi kujua. Ya kuoshea mchele yalikuwa ya miche ya tungule na pilipili. Ya suuza ya mwisho ya nguo, yaliyokwisha povu, ya mchicha. Ya kuoshea samaki wabichi, yakishazimuliwa, yalikuwa ya mwasumini, mara moja kwa wiki, na siku zilizobaki mwasumini unakunywa maji ya udhu wangu. Nilipenda hilo la mwisho. Sikukwambia, lakini nilianza kutawadha polepole zaidi, nikiangalia tone lisiruke nje. Nilijiona nina sehemu.

Mwasumini ule, unajua, aliupanda mama yako ndani ya debe la mafuta wiki alipoingia nyumba hii. Katika kila kitu alichokiacha, ndicho kitu pekee kilichokuwa bado kinakua, ukikutoa wewe.

Siku moja nilimaliza kazi mapema. Nikakuona unapenya mwanya wa ua na karai kiunoni, maji yakitikisika, na Bi Kazija upande wa pili amekaa na kata yake anakungojea. Debe la mama yako lilikuwa kwake. Nilikuwa nikitawadha juu ya karai kwa wiki nzima, na maji yangu yalikuwa yanahamia nyumba ya jirani.

Nikasimama kwenye mwanya. "Mwasumini huu si wa kwetu?"

"Wa kwenu," akasema Bi Kazija. "Umekuja kutembea."

"Na maji?"

"Maji yameusindikiza."

Ukacheka. Nikauliza mti umehamia huku tangu lini na kwa idhini ya nani. Bi Kazija akachota kata moja, akaimwaga taratibu shinani, akasubiri udongo unywe, ndipo akanijibu. "Kwako jua la asubuhi haliingii tena, Mwandishi, tangu yule bwana wa nyumba ya nyuma alipoinua ukuta wake. Wewe hukuliona kwa sababu asubuhi hupo."

Lilikuwa kweli. Mtu mwenye wivu hukumbuka vibaya maneno ya uongo, lakini ya kweli huyashika neno kwa neno.

Kuanzia siku ile nikawa natawadha msikitini. Birika la msikiti lilikuwa na maji, na mimi nilikuwa na sababu. Nikawa nafika kabla ya adhana. Siku ya tatu ulinionyesha karai kavu.

"Baba, leo hukutawadha?"

"Nimetawadha msikitini."

"Na kesho?"

"Na kesho."

Ulilitazama karai, hukunitazama mimi. Mtaa nao ukaingiwa na furaha. Mwalimu wa chuo cha Kurani akanishika mkono mbele ya watu akasema mashallah, Mwandishi siku hizi yumo safu ya kwanza, kazi za dunia hazimpotezi. Wazee wakanipisha. Mmoja akamtolea mfano mwanawe. Nilipokea sifa zile kwa uso uliotulia, nikijua kwamba ninakwenda kwenye nyumba ya Mungu ili mti wa asumini usipate maji kwa mwanamke mwingine. Katika kazi yangu nimeandika habari za watu wengi waliosifiwa kwa jambo wasilolifanya. Tangu kiangazi kile huwaandika kwa huruma zaidi kidogo.

Sasa nifike kwenye papa, maana bila ya papa barua hii haina maana.

Jamaa zake Bi Kazija walimletea papa mkavu kutoka Jambiani. Akamroweka usiku kucha ili chumvi itoke, kama kila mtu anavyofanya. Alfajiri, kabla jua halijatoka, akachukua sufuria akamwagia mwasumini, akidhani ni ile ya maji ya samaki wabichi. Baada ya siku chache majani yakaanza kuungua kingo, kisha yakakunjamana, kisha yakadondoka mabichi. Mimi nilikuwa nikichungulia mwanyani kila jioni, sikusema kitu. Nilipoona udongo wa debe umepiga ukoko mweupe nikaingia, nikachukua kidogo kwa kidole nikaweka ulimini. Chumvi. Nikauinamia, nikanusa. Papa.

Nakwambia kitu ambacho si kizuri: nilifurahi. Mti wa mama yako unakufa, nami nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata ushahidi.

Nikakuita mbele ya Bi Kazija. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Nani kaumwagia mti maji ya chumvi?"

"Sijui, Baba. Labda jua."

"Jua halina chumvi."

Sauti ya mbuzi ikakoma.

"Nauliza nani."

"Mimi."

"Ulimwaga nini?"

"Maji ya papa. Nlidhani ya samaki wabichi."

"Papa wa wapi? Kitoweo cha nyumba yetu nnanunua mimi. Wiki zote hizi hajaingia papa."

"Nlipewa skuli."

"Papa mkavu. Skuli."

"Ndiyo, Baba. Na mwenzangu."

"Jina lake nani?"

Hukuwa umejiandaa kwa hilo. Macho yakakujaa maji, lakini kidevu hukukishusha. Hujui kusema uongo, Salma. Hukuwa umewahi kuniambia uongo hata mmoja, wa kalamu iliyopotea wala wa sahani iliyovunjika. Na mimi, badala ya kuona mtoto anayemkinga mtu wake, nilisimama pale nikiwaza jambo moja tu: hata siku moja hujawahi kusema uongo kwa ajili yangu.

Nikauliza tena jina. Hapo Bi Kazija akasema, bila kuinua kichwa, "Mwachie mtoto, Mwandishi. Ni mimi. Sufuria zilikuwa mbili, na siku hizi alfajiri sioni vizuri."

Hakuwa amemwambia mtu habari ya macho yake. Alikuwa anajificha nayo, kwa sababu kazi yake ni ya vidole na macho: kuchuma asumini zikiwa bado zimefumba, kuzitunga na mrihani na mkilua, kuwafungia maharusi vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia. Nilimfanya aitoe siri ile mbele ya mtoto, juu ya debe la udongo. Nilikuwa nimeshinda.

Ulinitazama. "Baba, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Basi ulikuwa unauliza nini?"

Nimekaa mbele ya mawaziri na mbele ya wezi, na wote wamenirudishia maswali kwa hasira. Hilo lako hukulisema kwa hasira. Ulitaka kujua tu. Sikukujibu siku ile. Jibu ninalo sasa: sikuwa nauliza. Mtu anayeuliza kitu anachokijua hatafuti habari, anatafuta mtu wa kumweka chini. Tangu siku ile, kila ninapofungua mdomo kuuliza, kazini au nyumbani, hujikagua kwanza kama jibu ninalo tayari. Kama ninalo, na bado nataka kuuliza, najua kuna kitu kingine kinachozungumza.

Bi Kazija alisema mti umekwisha, tuukate, atakutafutia kitawi kwingine. Wewe ukakataa. Ukatoboa debe chini kwa msumari, matundu mengi, ukaliinua juu ya mawe, ukasema chumvi iliingia na maji na itatoka na maji. Ila ilitaka maji mengi, na matamu, katika kiangazi ambacho watu walikuwa wanaoshea watoto uso kwa kikombe.

Ukachukua ndoo ukazunguka mtaa. Nilikuwa barazani nikikuona. Uligonga kwa fundi cherehani, ukapewa maji ya mchele. Uligonga kwa muuza kahawa, akakupa ya kusuuzia vikombe. Uligonga hata kwa Bi Mosi, ambaye hajampa mtu kitu tangu nimfahamu, nikamsikia akisema, "Njooni mwone, mjukuu wa Bi Kazija anaomba maji ya miguu!" Lakini akakupa. Alikuita mjukuu wa Bi Kazija. Binti wa Mwandishi hakuna aliyemtaja. Uligonga milango yote ya mtaa, Salma. Wangu hukuugonga.

Jioni ile sikwenda msikitini mapema. Nilitawadha nyumbani juu ya karai, kwa uangalifu kuliko wakati wowote, nikaliacha limejaa mlangoni mwa uani, mahali ambapo huwezi kupita bila kuliona. Uliliruka. Likalala na maji. Asubuhi nilikuta nyuki wamekaa ukingoni wanakunywa. Nikamwagia mgomba.

Siku ya pili hivyo hivyo. Na ya tatu. Safu ya kwanza wakaanza kuuliza kama naumwa.

Sijui ilikuwa siku gani. Ni ajabu kwa mtu kama mimi kutojua. Niliamka, karai lilikuwa tupu na limeegemezwa ukutani kukauka. Sikukuuliza. Baadaye nikasikia kigelegele upande wa pili wa ua, nikajua mti umetoa chipukizi. Mwandishi wa mtaa mzima, na habari ya nyumba yangu mwenyewe niliipata wa mwisho, kupitia makuti.

Nakuandikia haya kwa sababu unakwenda bara kusomea kilimo, na walimu watakuuliza nani alikufundisha. Najua utamtaja nani. Ni haki yake. Yeye alikufundisha kumwaga na kusubiri udongo unywe kwanza. Ila ile ya kutoboa debe na kuzunguka mtaa ilikuwa yako peke yako. Yeye alikuwa ameshakata tamaa. Nilikuwepo, niliona, na naweza kutoa ushahidi. Usikubali mtu yeyote aichukue sifa hiyo, hata yeye, hata kwa mapenzi.

Na siku moja utakuwa na wako, mume au mtoto au rafiki, na utamkuta anacheka na mtu mwingine kicheko ambacho hujawahi kukipata. Sina dawa ya hilo. Ningekuwa nayo ningeshaitumia. Ninachokijua ni kidogo. Wivu unapokuja huwa na macho mazuri sana: utaona mwanya wa ua, utaonja udongo, utajua nani kala papa. Usije ukayatumia macho hayo kumkabili mtu. Nami kitu pekee nilichowahi kufanya ambacho kilinirudisha kwako kidogo ni kujaza karai na kukaa kimya, na hata hicho nilikifanya kwa kuchelewa.

Leo alasiri mlikuwa mwanyani wewe na Bi Kazija, nami nimekaa upande wangu na gazeti. Unajua jinsi macho yake yalivyo sasa. Anamjua mtu kwa hatua zake. Ulimshika mkono ukampitishia kwenye mwasumini, tawi kwa tawi, ukimwambia lipi lina tumba. Mti umefika juu ya ua sasa. Kisha akauliza kwa sauti, ili nisikie, "Na maji nani atayavusha?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe? Wewe si mtu wa safu ya kwanza?"

Ulicheka, akacheka, nikacheka. Kumbe alijua miaka yote hii kilichonipeleka safu ya kwanza. Sikumuuliza amejuaje.

Halafu akakuuliza wewe, safari hii kwa sauti ndogo. "Na barua zako, mjukuu wangu? Mimi naujua msahafu tu, na huo nao sasa nausoma kwa moyo. Barua nani atanisomea?"

"Baba," ukasema.

Hukunigeukia. Hukuuliza kama nina nafasi, wala kama nitapenda. Ulilitaja jina langu kama mtu anavyotaja mlango uliopo. Nimekuwa nikiligeuza neno hilo kichwani tangu alasiri, na mpaka sasa sijui kama umenipa heshima au umenipa adhabu.

Kwa hiyo itakuwa hivi. Barua itakuja kwa jina lake. Nitaichukua posta, nitavuka ua, nitakaa kwenye kigoda pembeni ya debe la mama yako, nitaifungua mbele yake, na nitasoma. Utakapomwambia umemkumbuka, nitasema umemkumbuka. Utakapomwambia kwamba hakuna anayekusuka kama yeye, nitalisema hilo vilevile, kwa sauti yangu, na yeye atasema "rudia hapo," nami nitarudia. Maisha yangu yote kazi yangu imekuwa kueleza maneno ya mtu mwingine bila kuongeza wala kupunguza. Hii ndiyo itakayokuwa ngumu kuliko zote, na nitaifanya kama inavyotakiwa. Usifupishe kwa ajili yangu. Mwandikie kama ambavyo ungemwambia mwanyani, mimi nikiwa sipo.

Ila ukifika mwisho wa karatasi, na ikabaki nafasi, niwekee mstari mmoja ambao sitatakiwa kuusoma kwa sauti.

Karai nimeshaliweka mlangoni.

Baba yako